Mizani Iliyofunikwa Saa Sita

Duka la marehemu mume wangu, Marko Matonya, lilifuata kengele ya misheni kama ndama anavyomfuata mama yake. Kengele ya alfajiri ilimkuta ameshanawa uso. Alikwenda Misa, akarudi, akanywa uji, kisha akatoa bidhaa zake kwenye baraza la tembe yetu, nyumba ya paa bapa la udongo: chumvi ya Bahi, kaniki, majembe, samli na nta. Kengele ya saa sita ilipolia alifunika mizani kwa kitambaa cheupe nilichokishona mimi, akaingia ndani. Tulisali Malaika wa Bwana, tukasali rozari, tukala. Mizani haikufunuliwa mpaka vyombo vimeoshwa. Hata askari wa boma akija kutoka Dodoma na haraka zake, alingoja kwenye kivuli cha ukuta mpaka Marko atoke.

Wapo waliosema atafilisika. Athuman, mfanyabiashara Mrangi aliyekuwa akituletea nta na asali kwa punda kutoka Kondoa, alimtania kila alipofika.

"Bwana Marko, wewe unaswali kuliko mimi, na mimi ni mtoto wa mwalimu wa Kurani."

"Njoo tubadilishane basi," Marko alimjibu. "Wewe uchukue rozari, mimi nichukue punda."

"Punda wangu hakubali. Ameshazoea bismillahi."

Walicheka, wakapima nta. Wakati huo reli ilikuwa imeshafika Dodoma, na sisi tulikaa milimani karibu na misheni, mwendo wa asubuhi moja kutoka stesheni. Mimi, Anyesi, nilikuwa nimesomeshwa na masista pwani kabla ya kuolewa. Nilijua kusoma, kuandika, kushona, na Kijerumani cha kutosha kutambua ninapotukanwa. Niliolewa na Marko kwa sababu ukoo wa Matonya, ingawa haukuwa na ng'ombe wengi, ulikuwa na jina safi. Katika Ugogo yote hukusikia mtu akisema Matonya fulani alimdhulumu fulani. Jina hilo nilipewa nilitunze, na kulitunza najua.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa nta ya misheni. Mapadre walihitaji nta ya nyuki kwa mishumaa ya altare, na sheria ya Kanisa haikubali mafuta ya mnyama mahali pale. Marko aliyeyusha masega mwenyewe, akachuja, akamimina katika vibuyu vilivyokatwa nusu. Nta ikiganda hutoka donge la duara kama kichwa cha mtoto. Takataka zote huzama chini, na donge likipinduliwa kutoka kibuyuni chini huwa juu, kwa hiyo kila donge lina utosi mchafu, mweusi, wa vipande vya nyuki na masega. Wauzaji wengine waliuza hivyo hivyo. Marko alikaa na kisu akikwangua utosi wa kila donge mpaka uwe wa rangi moja na tumbo lake. Alipokwangua alisali. Alisema nta hii itasimama mbele ya Mwili wa Bwana, isifike pale na uchafu kichwani.

Sasa nimtaje Aloisi Ndahani, nami namtaja kwa jina lake lote ili asije mtu akadhani ni Aloisi mwingine.

Aloisi naye alikuwa na duka, ng'ambo ya korongo. Alibatizwa mwaka mmoja na mume wangu. Kanisani sauti yake ilizidi zote. Padre alipowaambia Wakristo waache kujipaka mafuta na udongo mwekundu kwa ajili ya ngoma na jando, Aloisi ndiye aliyeleta chungu cha mama yake cha kuchanganyia udongo huo, akakipasua kwa jiwe mbele ya mlango wa kanisa, watu wote wakitazama. Padre alimshika mkono. Tangu siku hiyo akawa mzee wa kanisa, akapewa nishani ya kuvaa kifuani, na tangu siku hiyo macho yake hayakutoka kwenye nta ya misheni.

Mwezi wa Januari Marko alikuwa na madonge tayari, yamekwanguliwa na kupangwa barazani chini ya ngozi ya ng'ombe, yakingoja wapagazi wa misheni waje alasiri. Kengele ya saa sita ikalia. Akafunika mizani, akaingia. Tulisali, tukala. Alasiri wapagazi wakaja, wakayabeba madonge, wakaenda. Hakuna aliyeona lolote.

Ikafika sikukuu ya kubariki mishumaa, mwanzoni mwa Februari. Kanisa lilijaa mpaka nje. Kila mtu alipewa mshumaa mkononi, na altare iliwaka kama asubuhi. Nilikuwa nimesimama upande wa wanawake nikimtazama mume wangu upande wa wanaume, na sitaki kuficha: nilikuwa nimejaa fahari. Kisha nikasikia harufu. Mwanzoni nilidhani mtu amechoma mbuzi nje. Lakini harufu ilitoka altareni. Mishumaa ilitoa moshi mweusi, ikalainika kwa joto, ikaanza kuinamisha vichwa mmoja baada ya mwingine kama walevi. Mafuta yalichuruzika juu ya kitambaa cha altare. Mtoto mmoja alisema kwa sauti, "Mama, naona njaa." Watu walicheka kanisani. Nilimwona Aloisi akijiziba pua kwa kanzu yake, polepole, ili kila mtu amwone akijiziba.

Baada ya Misa Padre alimwita Marko sakristia. Nilisimama mlangoni bila kualikwa.

"Matonya," Padre alisema, "umeniletea mafuta ya ng'ombe nimpe Mungu."

"Padre, nta niliyoitoa ni nta."

"Pua yangu inasema uongo? Pua za watu wote?"

Aloisi alikuwa pale, mzee wa kanisa, ameshika kofia. "Padre, tumwonee huruma ndugu yetu," alisema. "Huenda ni yule Mwislamu wa Kondoa aliyemwuzia. Watu wale wana ujanja."

"Athuman hakuniuzia mafuta," Marko alisema. "Niliyeyusha kwa mkono wangu. Msimtie hatiani mtu asiyekuwepo."

Kwa hiyo alijifungia mlango mwenyewe. Kama si Athuman, basi ni Marko. Padre alimwambia asikaribie meza ya Bwana mpaka aungame kosa lake, na tangu siku ile nta ya misheni itatoka kwa Aloisi Ndahani. Madonge yaliyobaki yalirudishwa kwetu siku iliyofuata, yametupwa barazani kama mizoga.

Mtu asiyewajua watu wetu hatajua adhabu ile ilikuwa nini. Siyo biashara. Chumvi ingetulisha. Lakini kila Jumapili watu walisimama kwenda kukomunika, na Marko alibaki amepiga magoti peke yake kwenye benchi tupu. Angeweza kuungama, akasamehewa, akarudi. Lakini aungame nini? "Nikiungama nisichofanya," aliniambia, "hiyo ndiyo itakuwa dhambi yangu ya kwanza ya nta." Watoto walimtungia wimbo visimani: *Marko, Marko, ng'ombe wako analia altareni.* Binti yetu Tereza alirudi na mtungi mtupu, hakutaka tena kwenda kuchota maji.

Na mume wangu? Alifunika mizani saa sita. Alikwenda Misa alfajiri.

"Mungu anajua, Mama Tereza," alisema.

"Mungu anajua, Baba Tereza, lakini jirani hawajui, na mimi naishi na jirani."

"Kwaresima inakuja. Tuipokee kwa moyo."

"Wewe ipokee kwa moyo. Mimi nitaipokea kwa macho."

Nilianza na yale madonge yaliyorudishwa. Nilikusudia kuyayeyusha nipate mafuta ya kuwashia taa, maana sikuvumilia kuyaona. Nikalichukua moja, nikaligeuza. Utosi ulikuwa mchafu. Hilo tu lilitosha kuniambia kwamba kisu cha Marko hakikupita hapo, na kwamba mtu alibadilisha madonge yetu. Nikakwangua. Chini ya ule weusi wa nyuki kulitokea wekundu. Nikakwangua jingine, wekundu. Nikausugua kwa kidole, nikaupaka nyuma ya mkono wangu, na mkono wangu ukawa kama mkono wa kijana anayetoka jandoni.

Nyumbani kwangu udongo ule haujaingia. Masista hawakutulea hivyo. Nta hii iliyeyushwa pamoja na mafuta katika chungu kilicholala miaka mingi na udongo mwekundu, na udongo ukazama chini kama takataka nyingine. Mtu aliyefanya hivyo hakuwa na chungu kingine kikubwa cha kutosha, au alikuwa na haraka, au alidhani chungu kimeoshwa. Chungu kama kile hakioshwi kikatakata. Kila mwanamke wa Kigogo anajua hilo. Ni mwanamume tu asiyejua.

Nikachukua kibaba cha chumvi nzuri nikavuka korongo, siku ambayo Aloisi alikuwa amekwenda stesheni. Mama yake alikuwa amekaa mlangoni kwake, mzee, hakubatizwa, masikio mazito, ulimi mwepesi.

"Mbukwenyi, mama."

"Mbukwa, mwanangu. Nani huyo? Mke wa Marko? Yule wa nyama?"

"Ndiye mimi, mama." Nilimkabidhi kibaba. "Nimekuletea chumvi."

Alionja, akalamba kidole. "Chumvi nzuri. Mwanangu ananiletea chumvi yenye mchanga. Ana duka, lakini mama yake ale mchanga."

"Nilisikia alikupasulia chungu chako, mama. Nilikuhurumia."

"Changu?" Alicheka mpaka akakohoa. "Kile kilikuwa chungu cha maharage, tena chenye ufa! Changu ningempa akipasue? Chungu cha mama yangu? Kiko humo ndani. Wajukuu zangu wa kule bondeni wataingia jando, nani atawapaka?" Kisha uso ukabadilika. "Lakini ameniharibia. Alikichukua wakati wa mvua za kwanza, akapikia mafuta na hizo takataka za nyuki. Amekirudisha kinanuka asali na kunata. Udongo haushiki tena. Nimemwambia aninunulie kingine, ananiambia, 'Mama, nyamaza.' Mimi ninyamaze! Niliyemzaa!"

Nilimshika mkono. Nilimwambia kwa upole wote niliofundishwa na masista: "Mama, yuko mkubwa mmoja tu ambaye Aloisi anamwogopa. Ni Padre. Siku ya Matawi watu wote watakuwa uwanjani mbele ya kanisa. Njoo na chungu chako, umwambie Padre amwamuru mwanao akununulie kingine."

"Atamwamuru?"

"Hataacha kumwamuru."

Yapo yaliyosemwa juu yangu kwa jambo hili, kwamba nilimtumia mama dhidi ya mtoto wake. Aliyemtumia mama kwanza ni nani? Aliyekwenda na chungu cha maharage kwa Padre ni nani?

Siku chache kabla ya Matawi Athuman alirudi kutoka Kondoa. Alikuwa hajasikia lolote. Nilipomweleza, alikaa chini kwenye baraza.

"Shemeji, mimi nimesingiziwa mafuta ya ng'ombe?"

"Wewe umesingiziwa, na Marko alikukinga, na kwa kukukinga akaangamia."

Alivua kofia, akaiweka gotini. Kisha akasema, "Lakini mimi nilimwona yule mtu. Siku nilipoondoka na chumvi. Nilimkuta njiani chini ya baraza lenu, ana punda amejaa mizigo imefunikwa kwa ngozi. Kengele ilikuwa ndiyo kwanza imelia. Nilimsalimu, akanijibu bila kusimama. Nikafikiri anakwenda kumngoja Marko kivulini kama wengine. Wallahi nitakwenda kwa Padre sasa hivi."

"Usiende," nilimwambia. "Ukisema leo, atapata siku tatu za kutafuta uongo mzuri. Njoo Jumapili, kaa na punda wako nje ya uwanja. Mwache aseme kwanza. Akishasema, nawe sema."

Marko sikumwambia kitu. Angemwendea Aloisi kumwonya, kama Injili inavyoagiza, ndugu kwa ndugu, faraghani. Mimi aibu yangu haikuwa ya faraghani.

Jumapili ya Matawi jua lilikuwa kali baada ya mvua. Watu walikuwa na matawi mikononi, Padre amevaa vazi la zambarau, wazee wa kanisa mbele yake, na Aloisi mbele ya wazee. Ndipo mama yake akatokea kwenye njia ya korongo, chungu kichwani, akitembea na fimbo yake, na watu wakampisha kwa heshima ya uzee wake. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa Padre.

"Wewe mkubwa wa mwanangu," alisema kwa Kigogo, kwa sauti ya mtu asiyejisikia. "Mwambie aninunulie chungu. Hiki amekiharibu kwa nta."

Aloisi akageuka rangi. "Mama! Rudi nyumbani. Padre, mama ni mzee, hajui anachosema."

"Najua! Kinuse!"

Katekista alimtafsiria Padre. Padre alitazama ndani ya chungu. Kulikuwa na udongo mwekundu uliogandamana na nta. Alimtazama Aloisi, na nadhani wakati ule alikuwa akifikiria chungu kingine tu, kile kilichopasuliwa mlangoni pake. Nikaona ni zamu yangu. Nilitoa donge nililolibeba ndani ya kanga, nikaligeuza utosi juu, nikalikwangua mbele yake kwa kisu cha mume wangu.

"Padre," nilisema kwa Kijerumani, ili asisubiri mkalimani, "hili ni moja ya yale mliyoturudishia." Kisha nikarudia kwa Kiswahili, ili wasikie wote.

Watu walisogea karibu wauone ule wekundu. Marko alisema nyuma yangu, "Mama Tereza, taratibu." Sikugeuka.

Aloisi alikuwa mwepesi, sitamnyima hilo. "Nimeyeyusha nta yangu katika chungu cha mama, ni kweli, na nitaungama kosa la chungu. Lakini nta ya Marko naijuaje? Sijakanyaga baraza lake tangu mavuno!"

"Ulikanyaga," ilisema sauti kutoka nje ya uwanja. Athuman alisimama kando ya punda wake, kofia kichwani. "Mwezi wa Januari, ukiwa na punda amejaa. Mimi si wa kanisa, lakini macho yangu hayana dini. Tulisalimiana."

Watu walianza kunong'ona. Aloisi akainua mikono. "Ah, kumbe siku ile! Nilisahau. Ni kweli, nilikwenda. Marko alipungukiwa, akanunua madonge yangu. Basi yale mekundu ni hayo, amechanganya mwenyewe. Muulizeni. Alinipimia kwa mkono wake, kwenye mizani yake, pale barazani!"

"Saa ngapi?" niliuliza.

"Saa sita! Huyu Athuman mwenyewe ni shahidi, kengele ilikuwa ndiyo kwanza inalia, Marko akanipimia—"

Hakumaliza. Mwanamke mmoja nyuma alicheka, mmoja tu, halafu wote. Walicheka wale waliowahi kungoja kwenye kivuli cha ukuta wetu, wale waliowahi kumlaani Marko kwa kuwachelewesha na chumvi, wale ambao watoto wao waliimba wimbo visimani. Hapakuwa na mtu katika milima ile aliyewahi kupimiwa na Marko Matonya saa sita. Katekista alicheka. Padre hakucheka. Alimvua Aloisi ile nishani ya mzee wa kanisa kwa mkono wake, kisha akamwendea mume wangu mbele ya matawi yote, akamwambia, "Matonya, nisamehe." Alhamisi Kuu Marko alikomunika wa kwanza upande wa wanaume. Wimbo wa visimani ulikufa siku ile ile. Watoto wakatunga mwingine, na huo mimi sikuukataza.

Mama yake Aloisi alinunuliwa chungu. Niliuliza nikahakikisha.

Baada ya Pasaka Aloisi alikuja barazani kwetu na kondoo dume, kama ilivyo desturi ya mtu anayetaka kupatana, akiwa na wazee wawili. Alirudisha nta aliyoichukua. Alilia. Marko naye akalia, ndivyo alivyokuwa. "Yamekwisha, ndugu yangu," alisema. "Mimi nimekusamehe. Mama Tereza, mpokee kondoo."

"Nitampokea," nilisema. "Lakini wazee, kupatana bila kazi ni maneno. Saa sita sisi huingia ndani, na bidhaa hubaki peke yake. Ndugu yetu Aloisi aje kila siku kengele ikilia, akae kwenye kiti hiki mbele ya mizani, atulindie mali mpaka tumalize kusali. Mpaka Pentekoste. Watu waone kwamba tunamwamini."

Wazee walitazamana. Mmoja alisema hajawahi kusikia huruma kubwa kama hiyo. Marko alinitazama kwa macho ya upendo, akanishika mkono mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Padre aliposikia alilitaja kwenye mahubiri: mwizi akabidhiwa ghala, huo ndio ufalme wa mbinguni. Aloisi peke yake ndiye aliyenielewa. Nilimwona akinielewa. Lakini angesema nini? Angekataa huruma?

Akaja. Siku ya kwanza palikuwa na wateja wachache. Siku ya pili watu walitoka hata ng'ambo ya korongo, wakaketi kwenye kivuli cha ukuta, wasionunua kitu, wakimtazama. "Mlinzi, hujambo?" "Mlinzi, nta ipo?" "Mlinzi, hiyo ngozi inafunika nini?" Askari aliyepita kutoka Dodoma aliuliza kisa, akaelezwa, akampigia saluti. Jina hilo la Mlinzi lilimshika kama utomvu. Wanawe waliitwa wana wa Mlinzi, na mabinti zake walipochumbiwa waliulizwa kama ndio wale.

Wapo walioniambia baadaye, wakiwemo wa ukoo wangu mwenyewe, kwamba yanipasa kutubu. Nimelipeleleza moyoni kwa uaminifu na sijaona cha kutubu. Nilimpa kazi ya heshima. Nilimpa maji ya kunywa.

Ndani, mume wangu alipiga magoti, Tereza kando yake, nami nyuma yao. Kupitia mlango nilisikia vicheko vya barazani na kiti cha Aloisi kikilalamika kila alipojisogeza. Tulipomaliza Malaika wa Bwana, Marko alianza rozari. Tulipomaliza rozari alitaka kuinuka twende kula, na mimi nikamgusa bega.

"Baba Tereza," nilisema, "tuongeze na litania ya watakatifu wote."

"Yote? Chakula kitapoa."

"Yote," nilisema, nikaanza polepole, nikimpa kila mtakatifu muda wake.